Mgonjwa Asiyeweza Kusema



Liko swali moja ambalo huenda likamchekesha mtu kabla halijamfikirisha. Mbwa akipatwa na ugonjwa wa uti wa mgongo hata ashindwe kusimama, je, ni haki kumpeleka kwa fundi wa kunyoosha mgongo kwa mikono? Katika Marekani na nchi za Ulaya swali hili huulizwa kila siku, na wanaouliza hawafanyi mzaha. Ni watu waliomwona mnyama wao jana akirukaruka uani, na leo asubuhi wamemkuta sakafuni akiburuta miguu ya nyuma. Wana uchungu, wana haraka, na kila jirani ana shauri lake.

Msomaji asiseme upesi kwamba hayo ni mambo ya watu wa mbali wenye fedha za kuchezea. Tukilitazama vizuri tutaona kwamba swali hili si la mbwa peke yake. Ni swali juu ya kila mgonjwa asiyeweza kueleza anaumwa wapi, wala kusema kama tiba aliyopewa imempunguzia maumivu au imemzidishia. Wagonjwa wa namna hiyo tunao hata majumbani mwetu. Basi tufuatane polepole. Tuanze na mbwa, na mwisho tutaona njia imetufikisha wapi.

Ugonjwa wenyewe

Uti wa mgongo wa mbwa, kama ulivyo wetu, umejengwa kwa pingili za mifupa zilizopangwa moja baada ya nyingine. Baina ya pingili na pingili kuna diski, ambayo ni mfano wa mto mdogo wa kulalia: nje ina ngozi ngumu ya nyuzinyuzi, na ndani ina ute mzito. Kazi yake ni kupokea kishindo mnyama arukapo au akimbiapo. Juu ya diski hizo, ndani ya mfereji wa mifupa, hupita ugwe wa mgongo, ule mshipa mkuu wa fahamu upelekao amri za ubongo hadi miguuni na kurudisha habari za miguu hadi kwenye ubongo.

Katika mbwa wa aina fulani ute huo huanza kukauka mapema, hata kabla mbwa hajatimiza mwaka mmoja, na baadaye huweza kuwa mgumu kama chokaa. Kisha siku moja, pengine kwa kuruka tu kutoka kitini, ngozi ya nje hupasuka, na vile vitu vigumu hutoka kwa nguvu vikaugonga ugwe na kuubana. Mtaalamu mmoja wa Sweden, jina lake Hansen, alizieleza habari hizi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alitofautisha aina mbili: ile ya kupasuka ghafula, ambayo huwapata hasa mbwa wa miguu mifupi, na ile ya diski kutokeza polepole kwa muda mrefu, ambayo huwapata zaidi mbwa wakubwa waliokwisha kuzeeka.

Anayejulikana zaidi kwa ugonjwa huu ni dachshund, mbwa wa Kijerumani mwenye mwili mrefu na miguu mifupi. Jina lake latokana na melesi, mnyama wa Ulaya achimbaye mashimo, kwa kuwa wawindaji walimzalisha mbwa huyu ili aweze kuingia shimoni na kumfuata humo. Inakadiriwa kwamba yapata mmoja katika kila watano wa mbwa hao hupatwa na ugonjwa huu maishani mwake.

Madaktari wa wanyama huupima ugonjwa kwa ngazi tano. Katika ngazi ya kwanza mbwa anaumwa, lakini anatembea. Katika ya pili anapepesuka. Katika ya tatu hawezi kutembea, ijapokuwa bado aweza kuitikisa miguu. Katika ya nne miguu imepooza kabisa, ila akibanwa kidole kwa nguvu anasikia maumivu. Katika ya tano hasikii lolote. Tofauti ya ngazi hizi si jambo dogo. Mbwa aliyepooza lakini bado anasikia maumivu, akipasuliwa na kuondolewa vile vitu vinavyoubana ugwe, ana tumaini kubwa la kutembea tena: yapata tisa katika kila kumi hutembea. Aliyekwisha kupoteza kusikia maumivu, hata akipasuliwa, tumaini lake hushuka likawa karibu na nusu. Kwa hiyo katika ngazi hizi za mwisho kukawia ni hatari. Lakini katika ngazi za mwanzo wengi hupona bila kisu, kwa dawa za kutuliza maumivu na kwa kutulizwa mahali pamoja. Naomba msomaji ayaweke moyoni mambo haya mawili, maana tutayahitaji mbele.

Fundi wa mikono

Ufundi wa kutibu kwa kuusukuma na kuunyoosha mgongo huitwa kairopraktiki. Ulianza mwaka 1895 katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani. Mwanzilishi wake, D. D. Palmer, alizaliwa Kanada, na wakati huo alikuwa akitibu watu kwa kile alichokiita nguvu za sumaku. Alikutana na Harvey Lillard, mfanyakazi wa usafi katika jengo lile, ambaye alikuwa haisikii vizuri sauti ya mtu wala ya magurudumu barabarani. Palmer asimulia kwamba aliona pingili moja imekaa vibaya, akaisukuma, na Lillard akaanza kusikia. Kutokana na hayo alijenga fundisho kwamba asilimia 95 ya magonjwa yote husababishwa na pingili zilizoondoka mahali pake, na mwaka 1897 akafungua shule.

Elimu ya utabibu haikulikubali fundisho hilo. Mshipa wa kusikia hutoka kwenye ubongo ukaingia sikioni bila kupita mgongoni. Lakini tuwe waadilifu: miaka mingi imepita tangu Palmer, na uchunguzi uliofanywa kwa watu wenye maumivu ya kiuno umeonyesha kwamba kunyooshwa mgongo huweza kuwapa nafuu kiasi, isiyopita sana ile ipatikanayo kwa mazoezi na kwa njia nyinginezo. Kwa hiyo mtu mzima anayeumwa kiuno na akaamua kwenda huko hatendi upuuzi.

Katika miaka ya 1980 ufundi huu ulianza kufundishwa kwa utaratibu kwa ajili ya wanyama huko Marekani, na mwaka 1989 wanaoufuata wakaunda chama chao. Wengi wao ni watu wanaowapenda wanyama kwa dhati, na baadhi yao ni madaktari kamili wa wanyama. Hatuwahukumu nia zao. Lakini kuhusu ugonjwa huu wa diski iliyopasuka, uchunguzi wa kutosha wa kuthibitisha kwamba kunyoosha mgongo kunamponya mbwa haujapatikana. Tena iko hatari iliyo wazi. Kuusukuma kwa ghafula mgongo wenye diski iliyopasuka kwaweza kutoa vitu zaidi na kuuumiza ugwe ambao tayari umeumia. Na mbwa wa ngazi ya nne, akizungushwa kwa fundi siku tatu nne, aweza kuingia ngazi ya tano wakati mlango wa upasuaji ulikuwa bado wazi.

Tazameni sasa neno moja katika habari ya Palmer na Lillard. Hata tukiitilia shaka habari ile, Lillard alikuwa mtu mwenye ulimi. Aliweza kusema, "Sasa nasikia," au kusema, "Mzee, hujanisaidia kitu." Aliweza kukataa asiguswe. Aliweza kurudi siku ya pili kulalamika. Mbwa hana hata moja katika hayo. Fundi husema mbwa amepona, na mwenye mbwa huitikia kwamba amepona. Mgonjwa mwenyewe haulizwi, maana hana jibu.

Macho ya mpenzi

Labda mtu atasema, "Lakini mimi namjua mbwa wangu. Nikimtazama najua kama ana nafuu." Neno hili lina ukweli wake, na madaktari wema husikiliza sana maneno ya mwenye mnyama. Hata hivyo limepimwa, na limeonekana lina upungufu.

Mwaka 2012 wachunguzi wawili huko Marekani walichapisha uchunguzi juu ya mbwa 58 waliokuwa wakichechemea kwa ugonjwa wa viungo. Mbwa hao walikuwa katika kundi lililopewa tiba bandia isiyokuwa na dawa ndani yake. Wenye mbwa waliulizwa maoni yao, na madaktari pia waliulizwa. Lakini zaidi ya hayo, mbwa walitembezwa juu ya bamba lenye chombo kinachopima uzito ambao kila mguu unaukanyagia chini. Chombo hicho hakina mapenzi wala matumaini. Ikaonekana kwamba karibu mara 4 katika kila 10 wenye mbwa waliona nafuu ambayo chombo hakikuiona. Na madaktari wenyewe, pamoja na elimu yao, hawakusalimika: nao waliona nafuu isiyokuwapo, kwa kiasi kama hicho.

Wale watu hawakuwa waongo. Walikuwa wanapenda. Apendaye hutamani, na atamaniye huona anachokitamani. Sasa tupime tofauti iliyopo. Mtu akipewa kidonge kisicho na dawa, naye akajisikia afadhali, angalau aliyejisikia afadhali ni yeye mgonjwa. Maumivu yake yamepungua kwa sababu ya tumaini, na hilo si kitu cha kudharau. Lakini kwa mbwa mambo ni kinyume. Anayejisikia afadhali ni mwenye mbwa. Yeye amepata usingizi, na mbwa amebaki na maumivu yake, tena sasa amebaki nayo peke yake, maana hakuna tena anayemtafutia msaada. Kila mtu amekwisha kuamini kwamba amepona.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo letu. Huruma ina miguu miwili. Mguu mmoja ni uchungu tunaousikia tunapomwona mwenzetu anateseka. Mguu wa pili ni faida ambayo yule anayeteseka anaipata. Mara nyingi hizi huenda pamoja, hata tukadhani ni kitu kimoja. Lakini sivyo. Yawezekana kabisa nikatuliza uchungu wangu mimi, nikaenda zangu nikiwa nimeridhika, huku yule niliyemhurumia hakupata kitu. Kwa mgonjwa mwenye kusema, kosa hili husahihishwa upesi, kwa sababu atalia tena. Kwa mgonjwa asiyesema, laweza kuendelea hata mwisho bila mtu kulitambua.

Twaikumbuka sote habari ya Balaamu na punda wake katika kitabu cha Hesabu. Punda aliiona hatari iliyosimama njiani. Bwana wake hakuiona. Punda alipogeuka, na alipojibana ukutani, na alipolala chini, Balaamu aliona ukaidi tu, akampiga mara tatu. Ilihitajika punda afunguliwe kinywa ndipo bwana wake apate kujua. Wanyama wetu hawafunguliwi vinywa. Yatupasa sisi kuyachunguza matendo yao kwa uangalifu zaidi, na kutoyafasiri kwa namna ile tu inayotupendeza.

Ugumu wa kungoja

Lakini kwa nini mtu mwenye akili timamu akimbilie tiba isiyothibitika, na hali iko tiba iliyokubaliwa? Ziko sababu, na si zote ni za ujinga.

Sababu ya kwanza ni fedha. Upasuaji wa mgongo wa mbwa huko Marekani hugharimu maelfu ya dola, pamoja na kipimo cha MRI kinachotangulia. Jamaa wengi hawana. Fundi wa mikono hutoza kidogo sana kuliko hicho. Mtu maskini anayempenda mbwa wake asilaumiwe kwa kutafuta mlango ambao mfuko wake waweza kuufungua.

Sababu ya pili ni ngumu kuiona, nayo ni kwamba kungoja ni kazi nzito. Mwaka 2022 jopo la mabingwa wa tiba ya wanyama, chini ya chama chao cha Marekani, lilitoa mwongozo juu ya ugonjwa huu. Mbwa asiyepasuliwa anashauriwa azuiliwe kutembea kwa muda usiopungua majuma manne, ili ngozi ya diski iliyopasuka ipate nafasi ya kufunga. Maana yake ni kwamba akae ndani ya kizimba kidogo, atolewe tu kwenda haja akiwa amefungwa kamba, arudishwe. Asipande ngazi, asiruke kitandani, asikimbilie mlangoni mgeni abishapo hodi. Baada ya siku chache maumivu yamepungua kwa dawa, mbwa anajiona mzima, analia atolewe, anamtazama bwana wake kwa macho yale. Mwenye mbwa anajiona mkatili. Hafanyi kitu chochote kinachofanana na kutibu. Amekaa tu, na mnyama wake yuko kifungoni.

Hapo akija mtu na kusema, "Mlete, nitamnyoosha," maneno yake ni kama maji baridi. Ni tendo. Lina mikono, lina mwanzo na mwisho. Mtu anarudi nyumbani akijua kwamba amefanya kitu. Na kwa kuwa wengi katika ngazi za mwanzo hupona wenyewe wakipewa muda, baada ya majuma kadhaa mbwa anasimama, na sifa zote zinakwenda kwa fundi. Jogoo huwika, na kunakucha. Lakini hata asipowika kutakucha.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Tuliotumia methali hiyo kwa watoto wetu hatukufikiri kwamba ingeweza kumhusu mtu akaaye kando ya kizimba cha mbwa. Lakini inamhusu. Iko saa ambayo tendo la upendo ni kutulia, kushika kamba, kupima dozi ya dawa kwa saa yake, na kukataa kumfungulia mlango anayeulilia. Tendo hilo halina sifa. Hakuna atakayesimulia.

Je, asiye na fedha afanye nini?

Tusiache swali hili hewani, maana ni rahisi kumwambia mtu asifanye hili bila kumwambia la kufanya. Kuna mengi yawezekanayo pasipo kisu. Kwanza ni kumwona daktari wa wanyama apime ngazi ya ugonjwa, maana pasipo kuijua ngazi, kila shauri ni kubahatisha. Pili ni dawa za kutuliza maumivu zitolewazo naye, wala si vidonge vya watu vilivyobaki kabatini, kwa kuwa baadhi ya dawa tunazomeza sisi humwumiza mbwa vibaya. Tatu ni huko kutulizwa tulikosema. Nne, mbwa aliyepooza mara nyingi hawezi kukojoa mwenyewe, na mtu hufundishwa jinsi ya kumkamua kibofu kwa mkono mara kadhaa kwa siku, na kumgeuza asipate vidonda. Tano, wako mbwa ambao miguu yao hairudi tena, lakini hawana maumivu; hao hutengenezewa kigari cha magurudumu mawili kinachobeba kiuno, nao hukimbia kwa miguu ya mbele wakiwa na furaha yao. Mwisho, palipo na maumivu makali yasiyoweza kutulizwa, na hakuna njia nyingine, daktari aweza kumlaza mnyama usingizi wa mwisho asiteseke. Hilo nalo, likifanywa kwa sababu ya mnyama wala si kwa sababu tumechoka naye, ni tendo la huruma.

Na fundi wa mikono je? Mkono wa upole unaompapasa mnyama mwenye hofu una thamani yake. Hakuna haja ya kuukataza, maadamu hausukumi mgongo uliovunjika nguvu, na maadamu tunauita kwa jina lake, yaani faraja. Ubaya huingia pale faraja inapouzwa kwa jina la uponyaji, ikamfanya mtu aache lile linaloponya.

Huko Uingereza sheria imejaribu kuweka mpaka. Kwa Sheria ya Madaktari wa Wanyama ya mwaka 1966, kuutambua ugonjwa wa mnyama ni kazi ya daktari wa wanyama. Watibao kwa mikono waweza kumtibu mnyama, lakini baada ya daktari kumjua mgonjwa na kukubali. Mtu mzima aweza kujiendea mwenyewe kwa fundi yeyote apendaye. Mnyama hawezi kupelekwa hivyo hivyo. Wengine waliona ajabu kwamba mbwa alindwe namna ile. Lakini si ajabu. Asiyeweza kujisemea amewekewa mtu wa kuuliza kwa niaba yake kabla hajaguswa.

Deni letu kwa miguu mifupi

Liko jambo jingine ambalo si haki kulipita. Ugonjwa huu si bahati mbaya tu. Miguu mifupi ya dachshund ilitokana na binadamu kuchagua, kizazi baada ya kizazi, mbwa wenye umbo hilo na kuwazalisha. Mwaka 2009 wachunguzi wa jeni waligundua badiliko moja linalofupisha miguu ya mbwa wa namna hii. Mwaka 2017 wakagundua badiliko la pili, linalofanana na lile, ambalo nalo hufupisha miguu na pia huharibu diski za mgongo mapema. Yaani umbo lile lile linalotufanya tucheke na kusema, "Tazama kalivyo kazuri," ndilo limechukuana na maumivu.

Basi mtu anaposimama juu ya mbwa aliyepooza na kuuliza amtafutie tiba gani, swali hilo limechelewa. Lilipaswa kuulizwa kabla mbwa hajazaliwa. Katika nchi kama Denmark na Finland wafugaji huwapiga mbwa hao picha za eksirei wakiwa vijana, wakahesabu diski zilizokwisha kuwa ngumu kama chokaa, ili wenye nyingi wasizalishwe. Kazi hiyo haina machozi wala shukrani. Hakuna mbwa atakayemlamba mtu mkono kwa sababu ya ugonjwa ambao hakuupata. Lakini huenda huruma iliyo kubwa kuliko zote katika habari hii ni hiyo, inayofanywa mapema, kwa ajili ya mnyama ambaye bado hatumjui.

Turudi nyumbani

Sasa tumefika. Katika nyumba zetu yuko mtoto mchanga mwenye homa. Yuko mama mzee aliyepooza upande mmoja, na ulimi umefungwa. Yuko kijana ambaye akili yake haikukomaa. Hawa si wanyama, nao ni wa thamani kuliko mbwa wote wa dunia, lakini wamefanana na yule mbwa kwa jambo moja, kwamba hawawezi kutuambia, "Hapo unaniumiza," au, "Hilo halinisaidii."

Tena ona tunavyosema sisi Waswahili. Mgonjwa akifa husema, "Tumehangaika naye sana." Ni neno la kweli, na lina machozi. Tulimtoa hapa tukampeleka kule, tukamkanda kwa mafuta haya na kumnywesha mizizi ile, tukamwamsha usiku na kumpakia garini. Lakini neno hilo linapima nini? Linapima taabu yetu. Halisemi kama yeye alipata nafuu. Pengine katika safari zile zote alichokihitaji ni dawa moja ya maumivu, kugeuzwa kila saa mbili, maji kidogo mdomoni, na mtu wa kukaa naye. Hayo hayaonekani kuwa makubwa, na jamaa wakija hawatayaona. Ndiyo maana huachwa.

Basi kila tunapokuwa na mgonjwa asiyeweza kusema, awe mtu au mnyama, tujiulize maswali matatu kabla ya kukubali tiba yoyote. La kwanza: tutajuaje kama imemsaidia, zaidi ya kwamba sisi tunatamani iwe imemsaidia? La pili: ikiwa haitamsaidia, itamdhuru nini, na itamchelewesha kupata nini? La tatu, ambalo ni gumu zaidi: nikiiondoa tiba hii, nani atakayesikia uchungu, ni yeye au ni mimi? Tukijibu kwamba ni mimi, hatujatenda dhambi kwa kuwa na uchungu. Lakini tumejua kwamba tiba ile ilikuwa yetu, na kwamba mgonjwa bado anangoja ya kwake.

Kupenda peke yake hakutoshi. Yeye asiye na ulimi anatudai kitu kingine juu ya upendo, nacho ni ukweli, tena ule tunaoutafuta kwa bidii hata kama hautatufurahisha. Tumpe vyote viwili.